Daftari la Mahudhurio

Nilipewa kazi ya kukisafisha chumba chake
kwa sababu nina pikapu, na pikapu haikatai.
Dada yake, Bi Tomasa, kajifunga shali, kasimama mlangoni:
vya kuuzika uza, karatasi choma,
Juni ya huku juu haina haya
na jiko halichagui kuni.

Mwalimu Eduviges Huarachi.
Miaka thelathini na mmoja Kalapampa, kijiji cha mgodi wa bati,
mita elfu nne juu ya bahari ambayo Bolivia haina
(utani wake huo; aliucheka peke yake).

Rangi hakununua. Aliziokota mferejini, maji ya mgodi yanakopita:
manjano ya kiberiti, wekundu wa kutu, kijani cha shaba,
akazisaga kwa jiwe la pilipili,
akazikoroga na kiini cha yai.
Ute ulikaangwa. Siku ya kuchora
sisi watoto tulikula,
ndiyo maana hadi leo nikiona picha
mate hunijaa.

Beti zake alizipandisha ubaoni Jumatatu, Ijumaa akazifuta.
Mkaguzi kutoka Oruro akataka kujua kwa nini hazitii kitabuni.
"Chaki ni ya serikali," alimjibu.
Mimi ndiye niliyeshika kifutio, kwa hiyo ubeti mmoja ulinibaki mkononi:

    Bati katupa mlima, likatupatia paa,
    Paa kwa mvua lavuma, nasi chini tunakaa,
    Bwana hesabu kasoma: mawe, mikate, na taa,
    Pumzi tu hakupima, hiyo bado yetu, twaa.

Sasa nimeketi sakafuni, madaftari thelathini na moja, jiko linasubiri.
Nafungua moja tu. Hapo ndipo nilipokosea.
Kila mwanafunzi asiyefika, penye alama ya kukosa,
amemchorea sababu, ndogo kama punje ya kinoa:
viazi vya akina Rufo vinavunwa.
Lama wa akina Colque anazaa, miguu ya mtoto imetangulia.
Jeneza. Jeneza.
Kiatu kimoja
(ndugu wawili, walikuwa wakipokezana).

Kisha jina langu, Nemesio, Aprili, mwaka niliotimiza kumi na mitatu:
kofia ya mgodi, na chini yake hakuna kichwa.
Kesho yake, taa ya paji la uso. Kesho yake, taa.
Nilikuwa nimeacha shule. Nilijua, baba alijua,
mkaguzi aliandika kwa wino mwekundu: futa jina hili.
Hakulifuta.
Miaka mitatu aliniita kila asubuhi
mbele ya watoto wasionijua,
nadhani alinyamaza kidogo,
akachora taa.
Mwishoni taa zimefifia, karibu hazionekani.
Nisijidanganye: penseli ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Bi Tomasa anauliza kama nimemaliza.
Namwambia pikapu ina nafasi.

Yote nimeyasoma sasa, usiku baada ya usiku,
mke wangu akigombana na balbu.
Nimeuelewa kila mchoro isipokuwa mmoja:
tarehe tisa Agosti, kwa Casimira Colque,
mlango, umesimama peke yake uwandani, bila nyumba,
kitasa kikiwa chini mno, usawa wa goti.
Casimira alihamia Calama, akafia huko.
Kaka zake wanasema siku hiyo alikuwa shuleni, wana hakika.
Nilikwenda hadi kwao nikahesabu milango.
Miwili. Hakuna unaofanana.